Mtoto hataki kuandika insha? Mwacheni asimulie kwanza, kalamu ishike wewe

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Habari za leo wakuu. Nafundisha madarasa ya chini hapa Morogoro, na kila likizo ikikaribia kuisha wazazi hunifuata na kilio kilekile: "Mwalimu, huyu mtoto kusoma anasoma, hesabu anapiga, ila ukimwambia aandike insha machozi yanamtoka." Nimeona nilete jambo hili humu tulijadili kwa kituo, maana kujibu mzazi mmoja mmoja getini muda hautoshi.

Msimamo wangu ni huu. Mtoto wa miaka saba, nane au tisa anayegoma kuandika insha, mara nyingi hadithi anayo. Msikilize akiwasimulia wenzake katuni aliyoiona jana, au siku mbuzi alipoingia darasani. Anaigiza sauti, anaruka, anaongeza chumvi, wenzake wanacheka. Kinachomshinda ni kalamu. Sisi wakubwa tunamkabidhi kalamu kwanza na hadithi tunaitaka baadaye.

Hebu tazameni mzigo tunaomtwika. Kuna mwandiko, yaani mkono kuumba herufi ikae kwenye mstari. Kuna imla, yaani kusikia neno na kulijua linavyoandikwa. Halafu kuna utungaji wenyewe, kufikiria nini kitokee na kisemwe vipi. Kwa mtu mzima yale mawili ya kwanza yanakwenda yenyewe. Mtoto wa darasa la pili au la tatu bado anajiuliza tumbo la "b" linatazama wapi, na kama "mbwa" inaanza na m au b. Akimaliza kuandika "Siku moja", sentensi aliyokuwa nayo kichwani imeshayeyuka. Ndiyo maana mnapata insha kama hii, ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameshaisahihisha:

"Nilikwenda kwa bibi. Nilikula wali. Nilifurahi. Mwisho."

Mtoto hapo amechagua maneno anayoweza kuyaandika bila kukosea. Yale aliyokuwa nayo hasa ameyaacha.

Na wazazi wengi tusilaumiane sana, kwa sababu hata sisi hatukufundishwa. Tuliosoma shule ya msingi Tanzania tunakumbuka sehemu ya Utungaji kwenye mtihani wa darasa la saba: unapewa sentensi zilizovurugwa, unazipanga kwa herufi A, B, C na D. Zoezi zuri la mantiki, ila hakuna unachotunga. Mtu anaweza kupata alama zote za Utungaji na hajawahi kuandika aya moja ya kwake.

Sasa ninavyofanya. Mkubwa anakuwa karani. Kaa naye mkekani wakati ametulia, si pale ambapo umetoka kumgombeza kwa ajili ya homuweki. Mwambie, "Leo wewe sema, mimi naandika." Kisha andika anachosema kama alivyokisema. Akisema "paka kala dagaa wa mama," andika "paka kala dagaa wa mama". Usimnyooshee. Ukimaliza, msomee kwa sauti ile ambayo ungesomea barua ya mtu mwenye heshima zake. Angalia uso wake. Watoto wengi hapo hapo wanasema, "Ngoja, kuna kingine nimesahau."

Akikwama, kazi yako ni kuuliza swali dogo. Nawapa mfano wa mazungumzo ya kweli na mtoto wa insha ile ya bibi:

– Ulipofika kwa bibi, nani alikuona wa kwanza?
– Mbwa.
– Akafanyaje?
– Akabweka. Halafu akanikumbuka, akaacha.

Nikaandika: "Mbwa wa bibi akabweka. Halafu akanikumbuka, akaacha." Nikamsomea. Huyo ndiye mtoto ambaye nyumbani walisema hana mawazo. Angalieni pia jinsi alivyosema: akabweka, akanikumbuka, akaacha. Akiongea, hadithi inatembea. Akipewa daftari anarudi kwenye nilikwenda, nilikula, nilifurahi, kama anatoa maelezo polisi.

Baada ya hapo unamwachia kalamu taratibu. Mwanzoni anaandika kichwa cha habari na jina lake tu. Siku nyingine sentensi ya mwisho. Baadaye mnapokezana, sentensi moja wewe, moja yeye. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Mwachie wakati bado anataka kuendelea.

Suala la makosa tutalijadili, najua litakuja. Karibuni.

Fundi Seremala

Asante mwalimu, uzi umekuja wakati wake. Wangu yuko darasa la tatu. Tatizo langu ni kwamba hata kusimulia hasimulii. Namuuliza "shuleni ilikuwaje?" anasema "kawaida". "Safari ilikuwaje?" anasema "nzuri". Nikimng'ang'aniza anasema "sijui". Huyo karani ataandika nini?

Chaki Nyeupe

Mkuu, swali la "ilikuwaje" ni pana mno hata kwa mtu mzima. Wewe mwenyewe mkeo akikuuliza kazini ilikuwaje, utasema "salama". Uliza kitu kimoja kinachoshikika.

Kuna kijana alirudi kutoka Dodoma na treni ya SGR. Safari ilikuwaje? Nzuri. Nikamwambia, "Mlipoingia kwenye handaki kule upande wa Kilosa, dirishani uliona nini?" Akafikiri, akasema: "Nje kukawa giza, nikaniona mimi." Kwamba kioo kilimrudishia sura yake. Mtu mzima mwenye simu mkononi anapita pale bila kugundua. Insha yake ilianzia hapo, na safari yote tangu Dodoma wala hatukuihitaji.

Kwa hiyo uliza: nani alikaa pembeni yako? Alikuwa anakula nini? Kulikuwa na harufu gani? Alisema maneno gani hasa, niigizie. Maneno ya watu hasa ndiyo dawa, watoto wanapenda mno kuigiza watu wanavyoongea.

Na asipotaka kabisa kuulizwa, achana na maswali. Wewe ni fundi, mwite karakana. Mwambie kile kijiti kilichobaki ni mtu, mpe jina, anaishi wapi. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo unafunguka.

Mzee wa Imla

Nimesoma kwa utulivu. Mimi ni mwalimu mstaafu na nina la kusema. Watoto wa sasa mnawadekeza. Sisi tuliandika imla kila asubuhi, makosa kumi fimbo, na tuliandika barua zilizosomeka. Mkianza kumwandikia mtoto kazi yake, atajua lini kuandika? Na akizoea kuandika "kala" badala ya "amekula" nani atamrudisha? Lugha ina kanuni zake.

Chaki Nyeupe

Shikamoo mwalimu. Heshima yako naipokea, na imla siiachi. Darasani kwangu ipo kila wiki. Kiswahili kina bahati kubwa kwenye imla, herufi zinasomeka kama zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishajua kusikia vizuri anaandika maneno mengi bila kukariri. Yanayosumbua yanajulikana: mb na nd mwanzoni mwa neno, ng na ng', dh, th na gh, halafu r na l kwa watoto ambao lugha ya nyumbani haizitenganishi. Hayo yanafundishika, na yanahitaji muda wake maalumu.

Ninachoomba ni kwamba tusiyafanye yote kwa wakati mmoja. Siku ya imla tuwe wakali na imla. Siku ya kutunga tusikilize hadithi. Mtoto akileta hadithi ya sungura aliyepotea sokoni na cha kwanza anachokutana nacho ni kalamu nyekundu kwenye "ngombe", kesho hataandika ng'ombe kabisa. Ataandika "paka" kwa sababu ana uhakika nayo. Mwaka ukiisha ana maneno machache aliyojiwekea uzio.

Nikisahihisha insha ya mtoto mdogo nachagua kitu kimoja tu. Leo ni nukta na herufi kubwa, basi. Mengine nayaandika pembeni kwenye daftari langu yaje kuwa imla ya wiki ijayo.

Mzee wa Imla

Marahaba. Hilo la makosa ya insha kugeuka imla ya wiki inayofuata nakubaliana nalo kabisa. Sisi tulitoa imla kwenye kitabu, maneno ambayo mtoto hajawahi kuyahitaji maishani mwake. Nitamwambia binti yangu anayefundisha.

Mkazi wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu Kenya shida imekaa upande mwingine. Watoto wanaandika, tena kurasa, ila hakuna mtoto ndani ya insha. Mnakumbuka KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, iliyoanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023: karatasi ya Insha ilikuwa na alama 40 na muda wa dakika 40. Watu wakaitafutia njia ya mkato. Mtoto anakaririshwa mwanzo mmoja wa kufungulia insha zote: "Nilirauka alfajiri na mapema jogoo wa kwanza alipowika. Jua lilikuwa limechomoza na miale yake kutanda kote, ndege wakitumbuiza kwa sauti nyororo." Ikiwa insha ni ya moto, jogoo anawika. Ya harusi, anawika. Mtihani umeondoka, umeingia mtaala wa umilisi, yaani CBC, na mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 ulipoanza 2022 ulikuwa wa kuchagua majibu, lakini orodha za misemo bado zinauzwa na kukaririwa kwenye tuisheni.

Binti yangu alikuwa Gredi ya 4 akaniambia hapendi insha. Nikasoma daftari lake, kuna jogoo. Nikamuuliza, mama, wewe huamshwa na jogoo gani? Sisi tunaishi karibu na kivuko. Akasema, "Mimi huamshwa na honi ya feri." Nikamwambia basi andika hilo. Akaandika: "Feri ikapiga honi. Baba akatoka mbio na kikombe cha chai mkononi. Mama akasema, kikombe changu!" Wallahi ni sisi kabisa, kila asubuhi.

Methali na misemo ni mali yetu, mimi ni mtu wa Pwani siwezi kuzikataa. Lakini methali huja mwenye kusema akiwa na jambo. Mtoto wa miaka tisa anayejaza methali sita ukurasa mmoja amepewa kanzu ya babu yake.

Fundi Seremala

Hiyo ya kikombe imenigusa sana dada. Nimewasomea wote hapa nyumbani.

Njiapanda

Wakuu mimi nina swali la lugha. Mwanangu anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Insha anatakiwa aandike kwa Kiingereza, na ndipo anapogoma. Nikimwambia asimulie kwa Kiswahili, je, simchanganyi? Mwalimu wake ameniambia tuongee naye Kiingereza tu.

Chaki Nyeupe

Kwa ninavyoona mimi, mwache atunge kwa lugha anayoota nayo. Hadithi ikishakuwepo kichwani, na watu wake, na yaliyotokea, kuihamishia kwenye Kiingereza ni kazi moja. Kutunga na kutafuta maneno ya lugha ya pili kwa mpigo ni kazi mbili, ukiongeza na mwandiko ni tatu. Asimulie kwa Kiswahili, mchore picha nne za matukio kwa mpangilio, halafu chini ya kila picha mtafute pamoja sentensi moja ya Kiingereza. Insha ya shule inapatikana, na ya Kiswahili mnabaki nayo nyumbani.

Nami nakusihi usiache kuongea naye Kiswahili. Hadithi za bibi yake hazina Kiingereza, na ndizo malighafi yake.

Kitabu na Chai

Naomba kuchangia mchezo mmoja. Gianni Rodari, mwandishi wa watoto wa Italia aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na zoezi: mtoto mmoja anaandika neno upande mmoja wa ubao, mwingine anaandika neno upande wa pili bila kuona la mwenzake. Kisha yale maneno mawili yanaunganishwa kwa njia mbalimbali. Mfano wake ulikuwa mbwa na kabati: mbwa ndani ya kabati, kabati la mbwa, mbwa mwenye kabati. Kila muungano ni hadithi.

Mimi nafanya na watoto wa mtaani kwetu Jumamosi. Tunaandika maneno kwenye vikaratasi, tunaweka kwenye kofia, kila mtu anachomoa mawili. Mtoto mmoja alipata "bajaji" na "kuku". Wakaanza kubishana: ni kuku aliyepanda bajaji au bajaji ya kuku? Mmoja akasema bajaji ni ya kuku mwenyewe, anaendesha usiku watu wakilala, na abiria wake ni mayai, kwa hiyo haruhusiwi kupita kwenye matuta. Nikawaambia haya, nani anaandika? Wakagombania kalamu.

Ukiwa na mtoto mmoja tu nyumbani, cheza naye wewe. Sharti ni moja, na wewe utunge. Mtoto anajua mara moja kama unamfanyisha mtihani.

Chaki Nyeupe

Asante sana kwa hili. Naongezea kwamba sisi tuna mlango wetu wa zamani ambao bado uko wazi. Ukisema tu "Hadithi, hadithi!" mtoto anaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" na hapo ameshapewa ruhusa ya kutunga uongo. Watoto wengi wanaogopa insha kwa sababu wanadhani lazima iwe kweli. "Lakini mwalimu, mimi sijawahi kwenda mbuga za wanyama." Mwambie utamu kolea.

Vitendawili pia ni utungaji mfupi kuliko wote. "Nyumba yangu haina mlango" anaijua kuwa ni yai. Mwambie atunge cha kwake kuhusu kitu kilichopo sebuleni, asimwonyeshe mtu kitu hicho, aitegee familia nzima. Darasani mmoja alituletea: "Nikimwambia nyamaza hanyamazi, mpaka baba amguse tumbo." Ni redio. Sentensi moja tu, na amefanya kazi yote ya mwandishi: ameangalia, amefananisha, amejua aseme nini na afiche nini.

Mama wa Mashoto

Samahani naingia nimechelewa. Wangu wa darasa la pili anatumia mkono wa kushoto. Hadithi anazo, ila akiandika mistari miwili anasema mkono unamuuma, na maandishi yanachafuka. Kuna aliyeniambia nimzoeshe wa kulia. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe

Usimhamishe mkono, mama. Unamwongezea mzigo wa nne juu ya ile mitatu niliyoitaja. Mpangie karatasi: iinamishe kidogo, upande wa juu uelekee kulia, na mkono wake ukae chini ya mstari anaouandika ili usipite juu ya maandishi. Penseli laini ni nzuri kuliko kalamu ya wino. Ashike juu kidogo ya ncha aone anachoandika. Darasani mwombe mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati, asigongane kiwiko na mwenzake.

Na kwa wote: mtoto akilalamika mkono unauma, au anasogeza daftari karibu na pua, au bado anageuza herufi nyingi na kuruka maneno wakati wenzake walishaacha, usimwite mvivu. Anza na macho, hospitali za wilaya nyingi zina kliniki ya macho. Kisha zungumza na mwalimu wa darasa. Wapo watoto ambao kusoma na kuandika kunawawia vigumu kwa jinsi ubongo unavyoshughulikia herufi, na akili zao ni nzuri kabisa. Hao karani wanamhitaji kwa muda mrefu zaidi, na wanastahili kumpata.

Njiapanda

Mwalimu nimejaribu ile ya picha nne jana. Picha ya tatu alichora mvua na mtu mmoja amesimama. Nikamuuliza huyu ni nani, akasema ni dereva wa daladala anamsubiri abiria mmoja aliyesahau mkoba. Sikuwa na habari kwamba jambo hilo liliwahi kumtokea. Sasa swali: shuleni wanataka ukurasa mzima, na ijumaa anakusanya. Yeye ana sentensi saba. Nimwongezee?

Chaki Nyeupe

Usimwongezee hata moja. Chukua zile saba, msomee polepole, na kila ukifika kwenye mtu au kitu simama umuulize swali moja. Dereva alisemaje alipomwona abiria anarudi? Mkoba ulikuwa na nini? Watu wengine ndani ya gari walinung'unika? Majibu yake yaandike pembeni kwa penseli, kisha yeye ayaingize pale anapoona panafaa anaponakili. Sentensi saba zitafika kumi na mbili bila kuvuta.

Zikibaki kumi na mbili na ukurasa haujajaa, mwandikie mwalimu wake kikaratasi kwamba kazi ni yake mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nikipokea daftari lenye kikaratasi kama hicho naanza kulisoma hilo kabla ya mengine yote. Na ukiweza, muulize kama mtoto anaweza kuisoma mbele ya darasa. Wenzake wakitaka kujua mkoba ulikuwa na nini, Jumatatu ataandika mwenyewe.